Sintesaiza za Kale Ndani ya Kompyuta: Tunachukua Nini, na Kutoka kwa Nani?

Studio ninayofanyia kazi, huku Temeke, haina sintesaiza (ala inayotengeneza sauti kwa umeme) hata moja ya miaka ya sabini wala ya themanini. Kuna kompyuta, kinanda kidogo cha kuongozea ambacho chenyewe hakina sauti, spika mbili, maikrofoni na feni. Hata hivyo, katika wimbo wa kawaida unaotoka humo utasikia piano ya umeme ya Yamaha DX7, besi ya Minimoog, nyuzi pana za Roland Juno-106 na ngoma ya TR-808 inayotikisa vioo vya daladala. Zote hizo ni programu zinazoiga kazi ya mashine, na sehemu kubwa ya riziki yangu inapita humo. Kwa hiyo swali la kama uigaji huu ni wa haki kwangu si la kupotezea muda, na nimeona ni vema niandike ninavyolielewa, hatua kwa hatua, kama prodyuza aliyejifunza pia kuandika programu kidogo.

Wanaolijibu swali hili harakaharaka hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema kwamba sauti ni hewa inayotikisika, na hewa haina mwenyewe. Wa pili husema kwamba kila anayeiga amekula jasho la mwenzake. Naona wote wanaitazama sintesaiza kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani ya kasha moja mna kazi za watu wengi wa fani tofauti. Yupo aliyegundua kanuni, yupo aliyechora saketi, yupo aliyeandika programu inayoendesha chipu, yupo aliyepanga sauti ambazo mnunuzi atazikuta siku ya kwanza, na ipo kampuni iliyoweka jina lake juu ya kasha. Programu ya kuiga inaweza kuchukua kazi ya mmoja bila kugusa ya mwingine, na madeni yanayobaki hayalingani.

Kabla ya yote niseme kwamba sintesaiza haina usafi wa kujivunia katika jambo la kuiga. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza zizuiwe, kwa hofu kwamba zingewaondoa kazini wapigaji wa ala za nyuzi na za kupuliza. Hapa kwetu vikundi vya taarab ya kisasa vya miaka ya tisini viliweka vinanda vya Kijapani mahali palipokuwa na safu nzima ya fidla, na mpigaji mmoja akabeba kazi ya wengi. Mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa akipiga fidla enzi hizo aliwahi kuniambia, bila hasira yoyote, “Mwanangu, hicho kinanda chenu kilijifunza kwetu bila kupiga hodi. Nacho kikiigwa kisilie.” Hoja yake haimalizi mjadala, lakini tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu akililia utakatifu wa sauti ya mashine bila kumkumbuka mzee huyo.

Nianze na DX7, kwa sababu katika historia yake malipo yalifanyika na yanajulikana. Mwaka 1967 John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akijaribu mitetemo ya sauti kwenye kompyuta alipobaini kwamba wimbi moja likiyumbisha masafa ya wimbi jingine kwa kasi ya kutosha, sikio haliusikii tena mtetemo. Linasikia rangi mpya ya sauti, yenye viambajengo vingi kuliko mawimbi mawili yaliyoizaa. Kwa hesabu ndogo mno mtu aliweza kupata kengele, tarumbeta au mlio ambao hakuna ala iliyowahi kuutoa. Ugunduzi huo ulipelekwa kwa watengenezaji wa oganu wa Marekani, Hammond wakiwamo, wakaukataa. Yamaha wa Japani wakaukubali. Hataza, yaani haki ya mgunduzi kufaidi ugunduzi wake peke yake kwa muda, ilitolewa mwaka 1977, na DX7 ikaingia sokoni mwaka 1983 kwa dola 1,995, ikiwa na opereta sita (mawimbi yanayoyumbishana) kwa kila sauti, mipangilio 32 ya kuziunganisha na uwezo wa kupiga noti 16 kwa pamoja. Ziliuzwa zaidi ya 150,000, na hataza hiyo ikaiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20.

Katikati ya miaka ya tisini hataza ikaisha muda wake. Hivyo ndivyo mapatano yalivyokuwa tangu mwanzo: mgunduzi aeleze siri yake hadharani, apewe miaka ya kufaidi peke yake, kisha siri iwe ya wote. Leo ipo programu iitwayo Dexed, ya bure na yenye msimbo ulio wazi (maandishi ya programu ambayo yeyote anaweza kuyasoma), inayoweza kusoma hata faili za sauti zilizotengenezwa kwenye DX7 yenyewe. Kiini chake kilitokana na msimbo ambao Raph Levien aliuandika akiwa Google kwa ajili ya simu za Android. Ndani yake hamna programu ya Yamaha. Mna hesabu ya Chowning iliyoandikwa upya na watu waliopima tabia za mashine halisi na kuzifuata hadi kwenye kasoro zake. Kijana wa Temeke au wa Kisumu anayeipakua leo hadaiwi na yeyote. Deni lilishalipwa na wengine kabla hajazaliwa.

Kwa saketi za analogi, zinazotengeneza sauti kwa umeme wenyewe bila hesabu za kompyuta, hoja ni ileile, ila kazi ya kuiga ni ngumu zaidi, na nakiri kwamba ndiyo inayonikosesha usingizi kwa raha. Kichujio cha Robert Moog, mbunifu wa sintesaiza zenye jina lake, kilichopewa hataza mwaka 1969, huitwa ngazi kwa sababu ya umbo la mchoro wake: jozi za transista zimepandana katika hatua nne, kila hatua na kapasita yake, na kila moja inazidi kupunguza sauti za juu, hadi jumla ya desibeli 24 kwa kila oktava. Sehemu ya tokeo hurudishwa mwanzoni, na ukiiongeza vya kutosha kichujio huanza kuimba chenyewe. Katika umeme, kurudi huko hakuchukui muda wa kuhesabika. Katika kompyuta, ambayo huikata sauti katika hatua 44,100 au 48,000 kwa sekunde, unajikuta unahitaji tokeo la hatua hii kabla hujalihesabu. Waandishi wa mwanzo walikwepa tatizo kwa kutumia tokeo la hatua iliyopita, na matokeo yake kichujio kilipoteza noti yake kila kilipopandishwa juu.

Walioutatua ugumu huo waliufanya mbele ya macho ya watu. Tim Stilson na Julius Smith wa Stanford walichapisha uchambuzi wao mwaka 1996. Antti Huovilainen wa Finland akaonyesha mwaka 2004 jinsi ya kuingiza katika hesabu namna transista zinavyojipinda zinapozidiwa na umeme, jambo ambalo ndilo linaloipa besi ya Moog unene wake. Baadaye Vadim Zavalishin akaandika kitabu kizima kinachofundisha kuutatua mlinganyo wa hatua nzima kwa mkupuo, akakitoa bure. Programu ya Diva ya kampuni ya u-he ya Berlin, iliyotoka mwaka 2011, ilipata sifa kwa kuzifanya hesabu hizo bila kukata kona, ikapata pia lawama kwa kuelemea kompyuta za wakati ule hadi zikasimama.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu makusudi. Anayesema kwamba waandishi hawa “waliiba sauti ya Moog” anafikiri kuna mahali sauti hiyo ilihifadhiwa wakaenda kuichukua. Walichofanya ni kuielewa saketi upya, kuipima, kuiandika kwa lugha ambayo Moog mwenyewe hakuitumia, na kuweka elimu yao mezani. Hataza ilikuwa imekwisha muda mrefu. Linganisha na yaliyotokea hataza ikiwa hai: kampuni ya ARP, mshindani mkubwa wa Moog, iliitumia ngazi hiyo ndani ya ARP 2600 katika miaka ya sabini, Moog wakalalamika, na ARP wakalazimika kubadili muundo wa kichujio chao. Kitendo ni kimoja, cha kutumia ngazi ya mwingine, lakini cha ARP kilimkuta mwenye ngazi akiwa bado ana haki ya kuifaidi peke yake.

Waliozibuni mashine hizi nao hawakuwa na chuki na kompyuta. Dave Smith, aliyetupa sintesaiza ya Prophet-5 mwaka 1978, baadaye alikuwa kiongozi katika Seer Systems, iliyotoa mwaka 1997 programu ya Reality, mojawapo ya sintesaiza za mwanzo kabisa zilizoishi ndani ya kompyuta ya kawaida. Kampuni ya Arturia ya Grenoble ilipotoa Modular V, programu inayoiga mashine za Moog, mwaka 2003, Robert Moog aliridhia jina lake litumike. Tena kuna suala la uhai wa mashine zenyewe. Chipu za sauti za Juno-106 ya mwaka 1984 zilifunikwa na Roland kwa utomvu mgumu ambao kadiri miaka inavyopita huziharibu, kiasi kwamba mafundi huziloweka kwenye asetoni ili kuuvua. TR-808 zilitengenezwa kama 12,000 hivi kati ya mwaka 1980 na 1983, na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alieleza kwamba mlio wake ulitegemea transista zenye kasoro, ambazo viwanda viliacha kuzitoa vilipoboresha kazi yao. Sauti inayotegemea kasoro iliyokwisha sokoni haina njia nyingine ya kuendelea kusikika isipokuwa mtu aiige.

Hadi hapo dhamiri yangu imetulia. Mambo yanabadilika tunapofika kwenye mashine za kidijitali za miaka ya tisini. Access Virus ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1997, kwa nje inafanana na sintesaiza ya analogi, lakini ndani yake hamna saketi ya Virus ya kuigwa. Mna chipu za Motorola za familia ya 56300, zinazohesabu kwa namba za biti 24, chipu ambazo kiwanda chochote kingeweza kuzinunua, na juu yake mna programu iliyoandikwa na Christoph Kemper na wenzake. Virus yote imo katika maandishi hayo. Ukiyaondoa, unabaki na kasha na vitufe.

Kundi la waandishi wanaojiita The Usual Suspects wametengeneza emuleta ya chipu hizo, yaani programu inayojifanya kuwa chipu yenyewe, yenye msimbo wazi. Tofauti yake na Dexed au Diva ni ya msingi. Emuleta hii haiigi Virus hata kidogo. Inaiga chipu ya Motorola kwa ukamilifu kiasi kwamba programu asili ya Access ikipakiwa ndani yake hufanya kazi kama ilivyofanya ndani ya kasha. Kwa njia hiyo zimepatikana Osirus kwa ajili ya Virus A, B na C, OsTIrus kwa ajili ya Virus TI, na nyingine kwa ajili ya Waldorf microQ, Microwave XT na Nord Lead 2X. Sauti haikaribii ya mashine halisi, kwa sababu kukaribia ni neno la kuiga. Hesabu ni zilezile. Watengenezaji wake hawatoi faili la ROM, yaani nakala ya kumbukumbu ya mashine yenye programu ya kampuni. Mtumiaji hulileta mwenyewe, na mzigo wa maadili unamwangukia yeye.

Kwa emuleta yenyewe sina mashaka. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation kwa ajili ya kuichunguza, ili kuandika programu mpya isiyo na msimbo wa Sony, ni matumizi ya haki. Umoja wa Ulaya nao tangu mwaka 1991 unaruhusu, kwa masharti, kufumua programu ili nyingine iweze kushirikiana nayo. Tatizo ni faili. Programu ya kompyuta inalindwa na hakimiliki kama andiko lolote, na sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema hivyo pia. Hakimiliki haina haraka ya hataza: hudumu maisha ya mwandishi na miongo mingi baada yake, na haijali kama bidhaa bado inauzwa au ilikoma kutengenezwa.

Wanaotetea kulitumia faili hilo bila kumiliki mashine wana hoja nzito, na sitaki kuzipunguza. Access haijatoa Virus mpya tangu TI2 ya mwaka 2009. Kemper alihamia kwenye Profiler, kifaa cha wapiga gitaa ambacho kazi yake ni kusikiliza amplifaya ya kampuni nyingine na kuinakili tabia yake, jambo ambalo wenye amplifaya hawakuombwa ruhusa, na ambalo linamweka mahali pagumu kama angetaka kuhubiri dhidi ya uigaji. Kampuni yenyewe iliwahi kuuza Virus iliyoendeshwa kwenye kadi za kompyuta za kampuni za Digidesign na TC Electronic, ambazo nazo zilitumia chipu za Motorola za ukoo uleule. Kwa hiyo kuihamisha programu hiyo kutoka kasha moja kwenda jingine si wazo lililowajia wavamizi peke yao. Juu ya yote, anayenunua Virus iliyotumika humlipa muuzaji wa mitumba, na senti moja haimfikii mwandishi wa programu. Basi, wanauliza, aliyeumia ni nani?

Naona hoja hizo zinathibitisha kwamba madhara ni madogo, lakini hazithibitishi kwamba ruhusa ipo. Mwandishi wa programu bado ana haki ya kuamua kama atairudisha kazi yake sokoni, na historia inatuonya tusiwe wepesi wa kutangaza kwamba fulani ameitelekeza mali yake. Mwaka 2000 mtu angeapa kwamba Roland wameisahau 808. Mwaka 2014 walitoa TR-8, na baada ya hapo wakaweka ala zao nyingi za zamani katika huduma yao ya programu za kulipia. Ingekuwa kila mtu aliishatangaza kifo cha mali ile, Roland wangerudi na kukuta urithi umegawanywa.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kwamba siweki ndani ya kompyuta ya studio programu ya mashine ambayo mwenye kazi au mimi hatuna mkononi. Hilo halinizuii kuzitumia emuleta. Mpigaji mmoja wa Mombasa alinijia na sintesaiza ya kidijitali ya miaka ile, ambayo sina sababu ya kuitaja jina, iliyoliwa na chumvi ya bahari hadi skrini ikazima na nusu ya vitufe vikakwama. Ndani yake mlikuwa na sauti alizozipanga kwa ajili ya harusi za pwani kwa miaka mingi. Waya wa MIDI, unaounganisha ala na kompyuta, bado ulikuwa ukifanya kazi, tukazitoa sauti zote, tukachukua programu ya ndani ya mashine yake mwenyewe, na siku iliyofuata akapiga sauti zake kwenye kompyuta, akitafuta tofauti asiione. Kama kuna sheria inayosema mtu huyo alitenda kosa, basi sheria hiyo haikumfikiria.

Jambo ninalolionea ukali kuliko faili la ROM ni jina na sura. Mwaka 1997 kampuni ya Propellerhead ya Stockholm ilitoa ReBirth RB-338, programu iliyoweka pamoja TB-303 mbili (mashine ya Roland ya kupiga besi) na ngoma za 808, na baadaye za 909, ikiwa na vitufe na rangi zilizozifuata mashine hizo waziwazi. Mwaka 2005 waliiacha wakaigawa bure, mwaka 2010 wakaifufua kwa ajili ya iPad, na mwaka 2017 wakaiondoa sokoni baada ya Roland kuwataarifu kwamba inaingilia haki zao. Kwa mtazamo wa sheria ya alama za biashara, Roland hawakuwa na kosa. Mnunuzi anapoona sura ile anadhani anapata kitu chenye mkono wa Roland ndani yake, na kumdanganya mnunuzi ni kosa hata pale ambapo saketi haina tena mwenyewe. Ndiyo sababu nawaheshimu watengenezaji kama u-he, ambao ndani ya Diva waliwaachia wasikilizaji watambue wenyewe kila moduli (kipande cha sintesaiza) imetoka ukoo gani, wakauza kazi kwa jina lao.

Lakini jina la 303 lilipataje thamani? Mashine hiyo, iliyobuniwa na Tadao Kikumoto na kuuzwa kama mbadala wa mpiga besi, ilishindwa sokoni. Ilikoma kutengenezwa katikati ya miaka ya themanini, na zilizobaki zikauzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya vitu vilivyotumika. Waliozinunua ni vijana weusi wa Chicago, na ndio waliogundua kwamba ukivizungusha vitufe vya kichujio wakati noti zinakwenda, mashine inalia kama kiumbe. Kutoka kwenye mikono yao ulizaliwa muziki wa asidi (acid house), na muziki huo ndio uliomfanya mtu wa leo alipe maelfu ya dola kwa kikasha cha plastiki. Sijui mizani ipi itapima deni hili. Kampuni inalinda heshima ya jina ambalo wateja wake maskini ndio waliolijengea heshima hiyo, na hakuna hataza wala hakimiliki inayowatambua. Ninapowasikia watu wakijadili maadili ya uigaji kana kwamba deni linakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwanamuziki kwenda kwa kiwanda, nahisi nusu ya daftari haijafunguliwa.

Wapo wengine wanaosahaulika hata zaidi, nao ni wapangaji wa sauti. Piano ya umeme ya DX7 ambayo kila mtu anaifahamu haikutoka moja kwa moja kwenye hesabu ya Chowning. David Bristow na Gary Leuenberger ndio waliokaa na mashine na kuzipanga sauti za kiwandani. Benki nzima ya sauti 32 ina baiti 4,096 tu, chini ya picha ndogo kabisa iliyomo kwenye simu yako, na kwa udogo huo zimesambaa duniani bila majina yao. Sidhani kwamba kuna kesi ya kufungua hapa. Nadhani tu kwamba majina yao yanastahili kutajwa mara nyingi kama linavyotajwa la Yamaha.

Sasa nije nyumbani, kwa maneno ambayo wenzangu hawatayapenda. Katika studio nyingi za hapa mjini unaweza kusikia mjadala mkali kuhusu kama ni halali kupakia ROM ya mashine ya mwaka 1997, na kompyuta inayotumika katika mjadala huo imejaa plagini (programu za sauti za kuongezea) zilizovunjwa kufuli, zilizoletwa kwenye flashi, za kampuni za watu wachache ambao wako hai, wanauza leo, na wanategemea mauzo hayo kulipa kodi ya pango. Kama tunatafuta mtu aliyeumia, huyo hapa. Naelewa sababu. Mkusanyo mkubwa wa Arturia kwa bei yake kamili ni mamia ya dola, na prodyuza anayelipwa kwa wimbo mmoja kiasi kisichotosha luku ya mwezi hawezi kuufikiria. Malipo kwa kadi kutoka huku nayo yana vikwazo vyake. Lakini umaskini ulikuwa hoja yenye nguvu zaidi zamani kuliko sasa. Dexed ni ya bure. Surge, sintesaiza nyingine ya kompyuta ambayo Claes Johanson aliufungua msimbo wake mwaka 2018, ni ya bure, na jumuiya inaiboresha hadi leo. Vital ina toleo la bure lenye uwezo wote ambao wimbo wa bongo fleva unaweza kuhitaji. Mtu anaweza kufanya kazi halali kabisa bila kutoa shilingi, na ninawafundisha vijana wanaokuja kujifunza kwangu kuanza na hizo kabla hawajazoea mkono mwingine.

Nimalizie na mfano ambao kwangu unaonyesha kwamba haya yote yangeweza kupangwa vizuri zaidi tangu siku mashine inapotengenezwa. Émilie Gillet wa Ufaransa, kupitia kampuni yake ndogo ya Mutable Instruments, alitengeneza moduli za sintesaiza na akaweka hadharani msimbo na michoro yake, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia hata kibiashara. Sharti lake kubwa lilihusu jina: nakili kazi, usiiite Mutable Instruments. Waliotengeneza VCV Rack, programu ya kujenga sintesaiza kwa moduli, walizihamishia moduli hizo ndani ya kompyuta kwa jina la Audible Instruments, wakatii. Arturia walipotoa kinanda cha MicroFreak mwaka 2019 waliingiza msimbo wa moduli yake ya Plaits, jambo ambalo leseni iliruhusu; lakini matangazo ya mwanzo yalizungumza kana kwamba palikuwa na ushirikiano, na Gillet akalazimika kueleza hadharani kwamba hakushiriki. Aliifunga kampuni yake mwaka 2022. Moduli zake zinaendelea kutengenezwa na wengine na kulia ndani ya kompyuta, pamoja na ya kwangu, na hakuna anayehitaji kutafuta faili la ROM gizani wala kubahatisha mwenye kazi angesema nini, kwa sababu alishasema.